"Ndivyo tulivyozoea" si dawa

Wadau, hivi kwa nini saratani nchini kwetu tukiijadili tunaishia kwenye mashine za Ocean Road? Mashine ya mionzi ikikwama, sisi wa magazeti tunaiweka ukurasa wa kwanza. Sawa. Lakini mgonjwa akirudi wodini, anayekesha naye ni muuguzi. Na muuguzi anafuata nini? Utafiti, au alichomkuta sista mkuu akikifanya?

Chukua barafu. Kuna dawa ya saratani iitwayo fluorourasili. Ikichomwa moja kwa moja kwenye mshipa, inaweza kuleta vidonda mdomoni hadi mtu ashindwe kumeza uji. Tangu 1991 utafiti umeonyesha kwamba mgonjwa akimung'unya barafu kuanzia dakika 5 kabla ya sindano, kwa muda wa nusu saa, vidonda hupungua. Maji safi yaliyogandishwa, basi! Hapo hahitajiki mfadhili.

Chukua maumivu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa dawa za maumivu ya saratani zitolewe kwa saa, si kusubiri mgonjwa apige kelele. Mofini ya kunywa ya kawaida hudumu kama saa 4 tu. Kwa hiyo anayeambiwa "vumilia kidogo, utaizoea hii dawa" hateswi na saratani peke yake. Anateswa na mazoea yetu.

Jamani, siwarushii manesi mawe. Ukimwachia mtu mmoja wodi nzima, atasoma saa ngapi? Nawasema wakubwa. Mpango wa Hinari umekuwepo tangu 2002, ukizipa taasisi za nchi maskini majarida ya kitabibu bure au kwa bei ndogo. Neno la siri likibaki kwa mkutubi, linamsaidia nani wodini?

Tunachodai ni kidogo: saa moja ya kusoma kila wiki ndani ya ratiba ya zamu, kompyuta moja yenye intaneti wodini, na nesi aruhusiwe kumuuliza hata daktari bingwa "ushahidi uko wapi?" bila kuitwa mjuaji. Kisha wahesabu wenyewe: vidonda vimepungua? Maumivu yameshuka? Florence Nightingale tunamkumbuka kwa taa, tunasahau kuwa wakubwa wa jeshi la Uingereza aliwabana kwa takwimu.

Najua jibu litakalokuja: bajeti hakuna. Haya, barafu ni shilingi ngapi?

Nawasilisha.