Zafa Iliyosimamishwa Njia Panda



Wasomaji wetu watukufu, akina mama na jamaa zenu wote, juma hili twawapeleka mbali na bahari. Mmoja katika mabinti zetu wa Mombasa, aliyeolewa bara katika nchi ya chai, alituandikia waraka mrefu, nasi tulipoumaliza tuliona haufai kubaki mezani petu. Hatutamtaja yeye wala mji wake. Yatosha kusema ni mji mdogo katika pande zile za Kericho na Bomet, ambako mashamba ya chai yanafika hadi ukingo wa barabara na mvua hushuka alasiri karibu kila siku.

Akina mama wa huko wana chama chao. Kwa muda wa mwaka mzima waliweka akiba kidogo kidogo, wengine wakiwa ni wachuma chai wanaolipwa kwa kilo, wapate kuwafanyia watoto wa madrasa maulidi yao. Walitaka zafa itoke msikitini, ipite barabara kuu, iingie uwanjani. Na hapo watoto wasome, kisha watu wote wapewe pilau, Waislamu na wasio Waislamu, kwani majirani wa huko wengi ni Wakristo na ndio wanaouguliana na kuzikana. Siku waliyoichagua ni Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mchuma chai huwa na nafasi.

Wiki moja kabla, wawili wao walikwenda katika ofisi moja kuuliza kinachohitajika. Mtu aliyekuwa mezani aliwaambia ni lazima wakate leseni, akawatajia kiasi cha fedha. Wakalipa. Risiti hawakupewa, nao waliona haya kuidai. Walirudi majumbani wakiamini mambo yamekwisha.

Jumapili ile watoto walitoka wakiwa na kanzu nyeupe na mitandio ya kijani, matwari mbele. Hawajafika nusu ya njia, gari la polisi likawasimamisha penye njia panda. Afisa aliuliza kwa adabu, na binti yetu alisisitiza jambo hilo: ni nani mwenye shughuli, na iko wapi taarifa iliyopelekwa kituoni? Hapakuwa na taarifa. Leseni iliyolipiwa haikuwa na karatasi. Wakati watu wazima wakisemezana, mvua ikaanza. Watoto walisimama pale hadi kanzu zikawashika mwilini, kisha wakarudishwa msikitini kwa makundi madogo madogo kando ya barabara, matwari yakiwa yamefunikwa kwa kanga. Mtoto mmoja wa miaka 7 alimuuliza mamake kama wamefanya dhambi.

Swali la mtoto huyo ndilo lililotushikisha kalamu.

Sisi wa pwani tumezoea mno. Huko Lamu, maulidi aliyoyakuza Habib Swaleh pale Riyadha huleta wageni kutoka Afrika Mashariki yote, na zafa hupita kando ya bahari huku mji mzima ukiitazamia. Mtoto wa kwetu hukua akidhani njia ni ya zafa kama ilivyo ya punda. Haimpitikii kwamba wazee wa mji wameshakwenda mara kadhaa ofisini kabla tari la kwanza kupigwa. Binti wa pwani akiolewa bara huchukua desturi, lakini ule ujuzi wa ofisini hauchukui, kwa sababu hakuwahi kuuona. Aghalabu walioubeba ni wanaume, nao hawakumsimulia.

Basi tumekaa na wajuao sheria, tukauliza, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

La kwanza ni tofauti ya maneno mawili, kuomba na kuarifu. Zamani, mtu akitaka kukusanya watu hadharani ilimbidi kupata leseni kwa mkuu wa wilaya, naye aliweza kumnyima. Mwaka 1997, katika mageuzi yaliyofanywa kabla ya uchaguzi wa mwaka ule, Sheria ya Utulivu wa Umma ilibadilishwa. Leseni ikaondoka, ikaja taarifa. Mwenye shughuli humwandikia mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 kabla ya siku yenyewe, na si zaidi ya siku 14. Katika barua hutia jina lake kamili, mahali anapopatikana, tarehe na saa, na uwanja au njia itakayopitwa. Saa hizo ziwe baina ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kwa hiyo zafa ya baada ya magharibi, tunayoipenda sana kwa taa zake, haimo katika saa za sheria hii.

Mkuu wa kituo akiwa ameshapokea taarifa ya watu wengine kwa siku ile, saa ile na mahali pale, humjulisha mwenye shughuli kwa maandishi na kumweleza siku nyingine iliyo wazi. Na mwenye shughuli, au wakili wake, hutakiwa kuwapo tangu mwanzo hadi mwisho na kusaidia katika utulivu. Sharti hili hatulioni kuwa zito. Mama aliyeita watu na asikae nao hata kwetu husemwa.

Tena sheria hiyo imeitoa katika hesabu ya mikutano ya hadhara ile inayofanywa kwa ajili ya dini, jamii, utamaduni au hisani peke yake. Ndiyo maana darasa la akina mama msikitini, au khitma, halimpeleki mtu kituoni. Lakini maandamano yanayopita njia ya watu wote hayakupewa msamaha huo. Kusoma maulidi uwanjani ni jambo moja, na kuijaza barabara kuu kwenda uwanjani ni jambo jingine. Chama cha akina mama wale kilijikwaa hasa hapo. Walilipia ambalo pengine halikuwa na malipo, wakaacha ambalo halikutaka ila karatasi moja.

Kaunti nayo ina mlango wake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti mambo ya utamaduni, burudani za umma na viwanja vya umma, pamoja na udhibiti wa kelele na matangazo ya barabarani. Kwa hiyo uwanja wa kaunti huombwa kwa kaunti, na bango linalotundikwa juu ya barabara huenda likawa na ada yake. Hapa ada ni halali, lakini si ada ya kubuniwa mezani. Kifungu cha 210 cha Katiba chasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na viwango vya kila kaunti huwa katika Sheria yake ya Fedha. Mama anayeambiwa alipe ana haki ya kuuliza kiwango hicho kimeandikwa wapi, na ana haki ya risiti. Kuuliza huko si utovu wa adabu. Twaisema kwa sauti kwa sababu tumelelewa kuona kuwa mwanamke anayedai risiti ana ulimi mrefu.

Kuhusu vipaza sauti, kanuni za mazingira za mwaka 2009 zahesabu usiku kuanzia baada ya saa 2, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa katika makazi hushuka hapo sana. Anayetaka kuzidisha hutafuta leseni ya kelele mapema. Walakini katika nchi ya chai liko jambo ambalo kanuni haikuliandika: Jumapili asubuhi makanisa yako katika ibada, na vipaza vyao vimeelekea bonde lile lile. Binti yetu atuambia kwamba lau wangekwenda kwanza kwa mchungaji wa jirani kuelewana saa, wangepata hata viti vya kuazima. Twamsadiki.

Lipo pia jambo la ardhi, ambalo sisi wa pwani hatulijui sana. Sehemu kubwa ya ardhi iliyo wazi huko ni ya mashamba. Kampuni za chai zilianza kilimo kikubwa Kericho katika miaka ya 1920, na kijiji cha wafanyakazi, uwanja wa mpira na ukumbi vilivyomo ndani ya shamba ni mali ya shamba. Chifu akikubali na polisi akiarifiwa, bado meneja asipotoa idhini hakuna hema litakalosimamishwa. Barua yake huandikwa mwanzo, kwani ofisi za mashamba hazina haraka.

Na pilau? Afisa wa afya ya umma hujali wapishi na maji, hasa chakula kinapogawiwa watu wasiohesabika. Kumwendea mapema ni bora kuliko kumwona akifika sufuria zikiwa motoni.

Twarudi kwa lawama. Aliyepokea fedha bila risiti alidhulumu, na hilo hatulipunguzi. Lakini chama kile kina waume, na msikiti ule una kamati, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama barua imepelekwa. Waliona ni shughuli ya wanawake na watoto. Zafa iliposimamishwa, wazee wale wale walikuja njia panda kusema na polisi, wakati maneno hayakuwa na faida tena. Wanakamati watuwie radhi, lakini tumeliona jambo hili Mombasa, Malindi na Kwale pia, si bara peke yake.

Binti yetu alituuliza jambo moja tu: je, barua yaweza kutiwa saini na mwanamke? Tumemjibu kwamba sheria yamtaka mwenye shughuli, wala haikutaja ndevu. Aandike nakala mbili kwa Kiswahili cha kueleweka, moja ibaki kituoni, na ya pili igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokewa. Hiyo ya pili ikae katika mkoba wake siku ya shughuli, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ajili ya mvua. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo pale haki yake inapoguswa na uamuzi wa ofisi.

Jana alitupigia simu. Akina mama wameanza tena kuweka akiba, na wameongeza fungu dogo la nauli ya kwenda kituoni. Watakaokwenda ni watatu, na kati yao yumo mama wa yule mtoto wa miaka 7, ambaye atakwenda naye.