TAIRI LIKIPASUKA, NANI ALIPE?



Jambo hili madereva wa malori walijua sana. Lori latoka Mombasa na mzigo, lafika Voi au Mtito Andei jua likiwa kali, tairi lapasuka. Dereva akirudi tajiri haulizi habari za upepo wala za mzigo. Asema, "Umeharibu mali," na mwisho wa mwezi mshahara umekatwa.

Sisi twasema tairi la lori halifi pale lipasukapo. Huanza kufa siku nyingi kabla, na mara nyingi ugonjwa wake ni upungufu wa upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja huleta moto ndani. Moto hulegeza mpira ulioshikamana na nyuzi za chuma, hata siku moja mpira wa juu hubanduka, ndivyo vile vipande vyeusi tuvionavyo kando ya barabara. Mzigo ukizidi, na mwendo ukiwa wa kasi, moto huongezeka.

Tena matairi ya nyuma hukaa mawili mawili. La ndani likipungukiwa, la nje hubeba sehemu ya mwenziwe, na dereva aliye mbele hasikii neno. Kugonga kwa nyundo hakutoshi. Nyundo hutambua tairi lisilo na upepo kabisa, lakini haipambanui ratili 100 na ratili 75. Kinachotakiwa ni kipimo cha upepo, ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko bei ya tairi moja. Ajabu ni kwamba gari la mamilioni ya shilingi hutumwa safari bila hicho!

Matanboi na mafundi wa pancha, sikilizeni. Tairi lililokwenda mbali likiwa limepungukiwa sehemu ya tano ya upepo wake, au zaidi, msilijaze tu na kuendelea. Nyuzi za chuma za ubavuni huwa zimechoka, na upepo ukiingia huweza kukatika kwa mfululizo, ubavu ukafumuka kama zipu. Kishindo hicho huua mtu. Lifunguliwe, likaguliwe ndani, kisha lijazwe katika kizimba cha chuma, mjazaji akisimama mbali.

Sasa habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu. Gereji isiyo na kipimo si makusudi ya dereva.

Lakini dereva naye apime asubuhi, matairi yakiwa baridi, aandike hesabu ya kila moja na kumpa msimamizi, nakala akae nayo mwenyewe. Bila karatasi hiyo kazi ya Katibu ni ngumu mno. Aliyekwisha katwa alete hati yake ya mshahara ofisini, pamoja na nakala hiyo kama anayo.