Mota kubwa haiponyi boti inayoinama

Leo nina hoja moja tu, na najua kuna watu hosteli watanuna. Poa tu.

Kuna washkaji wanatengeneza boti ndogo ya feni, modeli inayosukumwa na propela ya hewani iliyofungwa nyuma, kama zile kubwa za Everglades kule Florida. Wakifungulia mota, pua inainama na maji yanaingia. Sasa wanachangishana hela za bumu wanunue mota kubwa zaidi. Jamani, hizo hela mnazitupa majini, tena kweli kweli!

Tupige hesabu. Tuseme boti ina kilo 3, yaani uzito wa newtoni 30 hivi. Propela inasukuma kwa newtoni 6, na shafti yake iko sentimita 25 juu ya maji. Maji yanaivuta boti nyuma kule chini kwenye sakafu, propela inaisukuma mbele huku juu. Lazima ipige magoti. Momenti ni 6 mara 0.25, jibu 1.5. Gawa kwa 30: ni kama uzito wote umesogea mbele sentimita 5. Haya, funga mota ya newtoni 12 palepale. Zinakuwa sentimita 10! Umenunua ugonjwa uleule mara mbili.

Dawa ni ya bure. Kwanza shusheni mota, ncha za panga zibakize nafasi ndogo tu juu ya sakafu ya boti. Au betri ya kilo 1 irudisheni nyuma sentimita 15; hiyo peke yake inafuta ile 1.5 yote. Bado inainama kidogo? Wekeni washa chini ya miguu ya nyuma ya mota, upepo utoke ukipanda juu kidogo na kukandamiza mkia. Msizidishe, mtaizamisha. Na kama mkiitazama kwa nyuma propela inazunguka kama mishale ya saa, boti italalia kushoto, hivyo betri iende kulia kidogo. Gusa kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uguse kingine.

Mtaniambia mota kubwa ina kasi. Sawa, lakini kasi ya boti iliyochimbia pua majini ni ya nini?

Kinachoniuma zaidi si boti. Hawa ni walimu watarajiwa wa fizikia kama mimi. Kani mara umbali tulikariri tangu sekondari, mtihani tukajibu, vyeti tukapata. Leo tatizo liko mezani, tunaona kani tu, umbali tumeusahau! Kesho mwanafunzi akituuliza kwa nini boti yake inazama, tutamjibu akanunue mota? Na mzazi wake hana hata hela ya daftari?

Rula ipo, bisibisi ipo. Anzieni hapo.

Naomba kuwasilisha.