Mafunzo ya Trekta Yahitaji Istilahi za Kiswahili

Mpakiaji wa Malaba akiambiwa "shusha", hana shaka: atautoa mzigo garini. Lakini neno hilo hilo akiambiwa kijana anayejifunza kuendesha trekta yenye kijiko cha mbele, lina maana mbili. Je, ateremshe mikono ya mtambo, au amwage kilichomo kijikoni? Kijiko kikiwa juu ya tela na mtu amesimama kando, kuchagua maana isiyokusudiwa kwaweza kumjeruhi mtu.

Nautoa mfano huu kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba istilahi ni shughuli ya makamusi na kumbi za vyuo vikuu. Sivyo. Istilahi ni chombo cha kazi kama spana.

Hebu tuutazame ufundi wenyewe. Katika trekta nyingi, kijiko huendeshwa kwa wenzo mmoja wenye njia nne. Ukiuvuta nyuma, mikono ya mtambo huinuka. Ukiusukuma mbele, huteremka. Ukiupeleka kushoto, mdomo wa kijiko hukunjika kuelekea juu. Ukiupeleka kulia, hufunguka na kumwaga. Njia ni nne tu, lakini kulenga ni kazi ngumu. Akiwa kitini, dereva hauoni vyema ukingo wa kijiko. Hukadiria ulalo wake kwa kutazama sehemu ya juu. Mwanagenzi huliingia lundo la mchanga kijiko kimeinama, kikachimba shimo. Au kimeelekea juu, kikateleza bila kujaa. Tena, katika mitambo isiyojisawazisha, kuinua mikono peke yake hukilaza kijiko nyuma, na mzigo waweza kumwangukia dereva. Inambidi ainue huku akifungua kidogo kidogo. Na asafiripo, sharti kijiko kiwe chini, kwa maana mzigo ulioinuliwa hukipandisha kitovu cha uzito, na trekta hupinduka kwa urahisi.

Sibishi kwamba wepesi wa mkono huja kwa mazoezi. Hata hivyo, mazoezi husahihishwa kwa maneno, na sahihisho lisiloeleweka upesi halina faida. Kijana anayeambiwa "hapo hapo, kidogo, lete, shusha" hukisia tu. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana; lakini kazi ya mwalimu ni kumwambia maana yule asiyeijua.

Katika Busia jambo hili lina uzito wa pekee. Mkufunzi aweza kuwa Mkhayo, mwanafunzi Mteso wa Malaba, na mpakiaji mchanga akawa ametoka ng'ambo ya pili, Uganda. Lugha inayowakutanisha kazini ni Kiswahili, ilhali vitabu vya maelekezo ya mitambo huja mara nyingi kwa Kiingereza. Nao udongo wa kupakia haukosekani: kifusi cha barabara, mchanga wa ujenzi, na kingo za Mto Nzoia kule Budalang'i, ambako mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi.

Wapo watakaosema kwamba mtambo ni wa kigeni, basi na maneno yake yabaki ya kigeni. Naam, mwanafunzi ajifunze Kiingereza ili asome vitabu hivyo. Lakini amri inayopaazwa katikati ya ngurumo za injini si mtihani wa lugha. Isitoshe, mafundi wetu hawakungoja ruhusa ya wasomi walipotupa greda, katapila, tela, klachi na breki. Kule Tanzania, mtambo wa kuchimbia huitwa kijiko, na kila mtu huelewa.

Napendekeza maneno manne kwa njia nne: inua, teremsha, kunja, mwaga. La tano liwe legeza, yaani kuiacha mikono ielee ili kijiko kifuate ardhi ilivyo. Neno "shusha" lipigwe marufuku kiwanjani. Na kila neno liwe na ishara yake ya mkono, kwa kuwa injini hushinda sauti.

Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Katiba hiyo hiyo ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti. Basi Kaunti ya Busia yaweza kuwaketisha pamoja walimu wa ufundi na walimu wa Kiswahili, wakaandika orodha ya ukurasa mmoja, ikabandikwa katika kila karakana. Nanyi wanafunzi wa Kiswahili, mnapotafuta mada ya utafiti, nendeni mahali trekta zinapofanya kazi mkasikilize na kuandika. Lugha isiyoweza kumwelekeza kijana aliyeketi kwenye trekta bila kuhatarisha mwenzake haijakamilisha kazi yake, hata ikisifiwa vipi majukwaani.