Gobore Lisilo na Namba

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Katika vijiji vya Tanzania vinavyopakana na hifadhi, hutengenezwa na wahunzi wa kienyeji, na hutajwa mara kwa mara katika taarifa za polisi kuhusu majangili waliokamatwa. Ukilikagua, mtutu ni bomba la chuma lililokusudiwa kazi nyingine kabisa, kitako kimechongwa kwa panga, na viungo vimekazwa kwa waya au mpira wa baiskeli. Risasi zake ni gololi au vipande vya nondo. Halina namba wala jina la kiwanda, na mtutu ukielemewa na baruti hupasuka mikononi mwa mpigaji mwenyewe.

Bunduki za kushindilia zilienea Afrika Mashariki karne ya 19 pamoja na biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha upenyo kwa zile za gumegume na baruti ya kawaida. Mataifa yaliyoutunga yalihofia silaha zinazoweza kushindana na za majeshi yao, na gobore halikuwa mojawapo. Wapiganaji wa Majimaji waliobeba magobore na mikuki mwaka 1905 walikabiliwa na bombomu za Wajerumani.

Sheria za leo hazina upenyo huo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza au kumiliki silaha bila leseni, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama ziweke alama kwenye kila silaha inapotengenezwa au kuingizwa nchini. Msingi wa udhibiti huu ni kufuatilia silaha kwa namba. Hata shotgun iliyokatwa mtutu ili ifichike ndani ya koti ilitoka kiwandani na namba, ingawa mara nyingi majambazi huifuta. Gobore halikuwahi kuwa nayo. Tena, mtutu wake laini hauachi kwenye gololi ile michirizi ambayo wapelelezi huitegemea, wala halidondoshi ganda la risasi.

Tatizo hili haliko Afrika Mashariki peke yake. Japani, yenye sheria za silaha zilizo miongoni mwa kali zaidi duniani, ilimpoteza waziri mkuu wake wa zamani, Shinzo Abe, mjini Nara mwezi Julai 2022 kwa silaha ya mabomba mawili yaliyofungwa kwa utepe mweusi. Marekani iliweka kanuni mwaka 2022 ya kuwabana wauzaji wa vipande vya bunduki za kuunganishwa nyumbani, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono Machi 2025. Lakini kanuni hiyo inamshika muuzaji anayejulikana. Mhunzi wa gobore ndiye anayefua majembe ya kijiji kizima, na hakuna serikali itakayodai leseni kwa kila bomba la maji.

Kwa hiyo njia yenye matumaini ni mmiliki kulisalimisha mwenyewe. Tanzania ilitoa msamaha kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, 2022 kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Ni hatua ya kupongezwa, ila inamfaa zaidi mwenye silaha asiyeihitaji tena. Jangili hataileta. Mkulima anayekesha shambani akiwafukuza nguruwe pori na tembo naye atasita, kwani kifuta jasho cha serikali hulipwa mahindi yakishaliwa.

Wapo wanaotaka mkulima huyo apewe leseni ya gobore lake. Hoja yao ina utu, lakini leseni haizuii mtutu kupasuka, wala haimzuii jirani kuliazima gobore usiku kwa ujangili. Marufuku ibaki. Pamoja nayo, serikali inayodai magobore kutoka kwa wakulima iwapelekee askari wa wanyamapori kabla tembo hawajaingia shambani.