Kukata Si Kuangamiza: Mafunjo ya Dunga Yanahitaji Mundu Wenye Akili

Leo kalamu yangu imeshika jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wanachama wenzangu, hasa wale ambao wako pia katika chama cha mazingira. Kila tunapopanda miti hatukosi bango lenye herufi kubwa: USIKATE MTI! Sina ugomvi na bango hilo. Marehemu Profesa Wangari Maathai alianzisha kazi ya Green Belt mwaka wa 1977, akapigwa na kutiwa ndani kwa ajili ya miti, na mwaka wa 2004 dunia nzima ikamtunuku Tuzo ya Nobel ya Amani. Nchi yetu inamdai shukrani. Lakini shauri jema likigeuzwa kuwa amri ya kila mahali na ya kila mmea, huanza kupotosha. Maoni yangu ni haya: kuna mahali ambapo kukata kwa kuchagua na kwa kipimo ndiko kutunza. Na mahali penyewe si ng'ambo. Ni hapa Dunga, mwendo wa matatu tu kutoka mjini Kisumu.

Hebu kwanza tutazame jinsi sisi Wakenya tunavyobishana kuhusu jambo hili. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Vijiweni, ndani ya matatu, hata katika bweni letu, watu walijipanga pande mbili kama timu za kandanda: hawa "ikatwe", wale "isikatwe". Swali lenyewe halikuulizwa sana, nalo ni hili: ukatwe upi, wapi, lini, na uachwe upi?

Sasa tushuke Dunga. Pale ufuoni, zaidi ya mitumbwi na samaki wa kukaanga, kuna kinamasi cha mafunjo, mmea ambao kwa Kijaluo tunauita togo. Mafunjo hurefuka kumpita mtu mara mbili, na kila bua hubeba kichwani shungi la nyuzi za kijani. Mgeni akiona hapo husema, "Mbona mnaacha kichaka namna hii karibu na mji?" Hajui asemalo. Ndani ya kichaka hicho anaishi gonoleki wa mafunjo, ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye haishi penginepo ila katika mafunjo. Wako pia chiriku wa mafunjo na ndege wadogo wengine ambao wapenzi wa ndege husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuwatazama. Chini, majini, mambo ni hayo hayo. Mbuta, yule samaki mkubwa aliyeletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 akawala wenyeji karibu wamalizike, hawezi kuvumilia maji yenye hewa haba yaliyo katikati ya mafunjo. Kwa hiyo fulu na vifaranga vya samaki wengine hupata pa kujificha, naye kamongo hukaa humo raha mustarehe. Aidha, mafunjo huchuja matope na uchafu utokao mjini kabla haujafika ziwani, na huvunja nguvu ya mawimbi. Mwaka wa 2020, ziwa lilipopanda kupita kiasi kilichozoeleka na maji yakaingia katika nyumba za watu ufuoni, tulikumbushwa kwamba ukingo wa ziwa si mahali pa kuchezea.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kinamasi hiki kimeendelea kuwepo kwa sababu kuna watu wanaokihitaji. Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita dani, ni mmoja wao. Yeye na akina mama wenzake hukata mafunjo, huyapasua, huyaanika juani, kisha husuka mikeka, vikapu na viti. Mikeka hiyo hupelekwa soko la Kibuye. Sehemu ya karo yangu imetoka humo. Kwa hiyo nikisema mafunjo yasiishe, sisemi kama mtalii. Nasema kama mtoto anayesomeshwa na mafunjo.

La kusikitisha ni kwamba dani na wenzake wamebanwa katikati ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoona kinamasi kama ardhi iliyokaa bure. Kiangazi kikifika, moto huwashwa, panga hupita, na muda si muda unaona mahindi na sukuma wiki, au hata kigingi cha ploti. Mfano mkubwa wa jambo hili uko kwa jirani zetu. Ukifuata ufuo kuelekea Siaya utafika kinamasi cha Yala, kikubwa kuliko vyote katika upande wa Kenya wa ziwa. Huko sehemu kubwa ilifyekwa ikawa mashamba, kwanza kwa miradi ya serikali tangu miaka ya 1960, halafu kwa kilimo cha mpunga cha kampuni iliyoingia mwaka wa 2003. Na Yala ndiko aliko nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu anayetembea topeni bila kuzama. Ndiko liliko pia ziwa Kanyaboli, ambamo ngege wa asili alibaki hai alipokuwa karibu kutoweka katika ziwa kubwa. Ukifyeka yote, hao wote utawapeleka wapi?

Watu wa aina ya pili ni rafiki zangu wa bango. Wao wakiona mama amejitwika mzigo wa mafunjo kichwani, hupiga kelele, "Adui wa mazingira huyo!" Suluhisho lao ni kuzungusha ua, kuweka askari, mtu asiguse. Jamani! Mkimwondoa mwenye mundu, ni nani atakayebaki akiwa na sababu ya kukilinda kinamasi siku mwenye trekta atakapokuja? Ua halina karo ya kulipa. Dani anayo.

Tuje sasa kwenye jinsi ya kukata. Kila aliyelelewa hapa Nyanza na Magharibi anajua kuvuna sukuma wiki. Unachuma majani ya chini yaliyokomaa, unaacha kichwa na majani machanga. Wiki ijayo unarudi, unachuma tena. Mtoto akikata kichwa, mama atamfukuza na mwiko mpaka kwa jirani! Katika somo la Kilimo nako tunafundishwa kupunguza miche iliyobanana ili inayobaki ipate mwanga. Hakuna anayelia kwamba mche umeuawa. Basi kwa nini akili hiyo tuiache shambani tunapofika ziwani?

Funjo lina shina nene linalotambaa chini kama tangawizi. Humo ndimo lilimo ghala la chakula chake. Bua likikatwa, shina hilo hutoa chipukizi jipya, na sehemu iliyokatwa ikipumzishwa mwaka mmoja hivi, mafunjo husimama tena. Lakini ukirudi kukata kabla ghala halijajaa, na ukarudi tena, na tena, mmea hudhoofika, na mimea mingine huchukua nafasi yake. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwa upande mwingine, bua ambalo halikukatwa haliishi milele. Huzeeka, hukauka, huanguka, na mabua makavu yakirundikana huwa kuni zinazongoja kiberiti cha mtu mmoja mzembe. Kwa hiyo anayechagua mabua yaliyokomaa na kuacha machanga anapata mkeka wake, na papo hapo anapunguza kuni za moto. Anaacha pia kinamasi chenye mchanganyiko: hapa marefu, pale machanga, kule kijia cha maji. Nzohe hupenda kula machipukizi laini, na wako ndege wanaotafuta wadudu penye uwazi kidogo.

Sisemi kwamba kila kiumbe hufurahia mundu. Gonoleki anapenda mafunjo marefu yaliyosongamana. Ukipunguza kila mahali, umemfukuza. Ndiyo maana nasisitiza neno "kuchagua". Kuchagua si kuchagua bua tu. Ni kuchagua pia mahali ambapo mundu hautafika kabisa.

Wengine watasema haya ni mawazo ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Haya, tuangalie wenzetu walivyofanya. Huko Uingereza kuna misitu ambayo kwa karne nyingi wanavijiji waliikata kwa zamu, sehemu hii mwaka huu, sehemu ile mwaka ujao, visiki vikachipua tena kama mkaratusi unavyochipua kwetu. Watu walipoacha kutumia kuni na fito, misitu ile ikafunga, jua halikufika chini, na maua na vipepeo vikapungua. Walinzi wa wanyama wakarudi na shoka na msumeno, wakakata kwa zamu kama zamani. Katika vinamasi vyao vya matete yupo ndege wa jamii ya korongo ambaye dume lake hulia kwa sauti nzito kama ngoma. Mwaka wa 1997 madume waliosikika wakilia nchini humo walikuwa 11 tu. Wakatunza vinamasi: wakarekebisha maji, wakang'oa vichaka vilivyovamia, wakakata matete kwa sehemu. Siku hizi wanahesabu zaidi ya 200. Kwa hiyo chombo cha kukatia kilikuwa mkononi mwa mlinzi, si mkononi mwa adui peke yake.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, na siwezi kuipita kimyakimya. Watu husema, "Ukiruhusu kidogo, watakata chote. Mkenya hajui kidogo." Ni kweli tamaa ipo. Mikeka ikipata soko zuri, hata yule ambaye hakuwahi kushika mundu atakuja na mtumbwi. Lakini hebu fikiria: sheria ya "usiguse" inavunjwa usiku, tena na watu wasiojulikana. Sheria ya zamu inalindwa mchana na wale ambao zamu yao iko njiani. Mama ambaye sehemu yake itafunguliwa mwaka ujao hatakubali mtu aivune leo. Huyo ni askari asiyedai mshahara.

Napendekeza basi mambo matano. Kwanza, kinamasi kigawanywe sehemu, na kila sehemu ikishavunwa ipumzike mwaka mzima. Pili, yakatwe mabua yaliyokomaa tu. Machanga yaachwe, na mashina ya chini yasing'olewe. Tatu, ukanda unaopakana na maji ya ziwa na kiini cha kinamasi visiguswe, viwe makao ya gonoleki na ngao ya mawimbi. Nne, mahali penye kiota mundu upite kando, na moto upigwe marufuku kabisa. Tano, zamu hizo ziandikwe katika daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tuna kamati za ufuo ambazo tayari huwaandikisha wavuvi na mitumbwi. Je, ni vigumu kuongeza ukurasa mmoja wa wasusi? Na katika kikao hicho, akina mama wasuka mikeka wakae mbele, si nyuma karibu na mlango.

Nasi wanafunzi je? Tusikae kitako tukingoja wakubwa. Chama chetu cha Kiswahili na chama cha mazingira vinaweza kufanya ziara moja kila muhula. Tuhesabu ndege katika sehemu iliyovunwa na katika sehemu iliyoachwa, tuandike, halafu muhula ujao turudi tuhesabu tena. Baada ya miaka miwili mitatu tutakuwa na habari zetu wenyewe, si za kusikia. Tuandike masharti ya kuvuna kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, yabandikwe pale ufuoni mahali ambapo kila mtu hupita. Na lile bango la siku ya kupanda miti, ninaomba tulibakishe, ila chini yake tuongeze mstari mmoja: UKILAZIMIKA KUKATA, CHAGUA, UKISHAKATA, NGOJA.

Wenzangu, mundu hauna dhambi. Mundu ni kama kalamu: hufuata akili ya aliyeushika. Tukiwafukuza walioushika kwa akili, tutawaachia mafunjo yetu wenye moto na trekta, na siku hiyo hata bango halitakuwa na la kulinda. Mwenye macho haambiwi tazama.