Nyumba ya Furu Haijengwi Juu ya Mchanga

Wiki hii tuziache kwanza habari za mapenzi na viwalo. Nataka kuwasimulia jinsi mawe saba yalivyonidhalilisha mbele ya mama mwenye nyumba wangu hapa Hamugembe, Bukoba.

Chanzo ni tamaa. Nilipokwenda Dar niliona tanki la samaki wa baharini kwenye hoteli moja. Loh! Mawe yamejengwa kama mapango, samaki wa njano na wa bluu wanaingia huku wanatokea kule. Nikaapa kwamba na mimi lazima niwe nalo chumbani, vimwana wakija wakute mambo.

Kumbe bahari si mchezo. Lita moja ya maji yake ina chumvi gramu 35 hivi. Tanki la lita 150 linataka kilo tano na ushee, tena si chumvi ya jikoni bali ile maalumu ya matanki. Halafu yanatakiwa mawe yaliyotoka baharini na vijidudu vyake, kwani hao ndio wanaosafisha maji. Kutoka Bukoba hadi baharini ni zaidi ya kilomita elfu moja. Nikasalimu amri.

Mshikaji wangu mmoja ndiye aliyenizindua. Akaniambia, "Wewe unalilia samaki wa rangi wakati ziwa hili hapa?" Akanikumbusha furu.

Jamani, furu tunawadharau kwa sababu ni wadogo na wana miba. Lakini dume la furu wa mawe likivaa rangi zake, samaki wa hotelini anaona haya. Yupo mmoja wa Ghuba ya Mwanza, mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi. Wataalamu walimtangaza mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka, wakampa jina la nyererei kwa heshima yake. Mwaka 1998 akaingizwa katika jamii iliyopewa jina Pundamilia. Kiswahili chetu hicho hicho, kimo kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima!

Basi nikapata tanki la mkono wa pili, na furu sita kutoka kwa mtu anayewafuga: dume mmoja, majike watano. Nikaanza ujenzi. Kwanza nikamwaga mchanga, nikausawazisha kama kitanda cha bibi harusi. Juu yake nikapanga mawe saba, moja juu ya jingine, mpaka karibu na usawa wa maji. Yalipendeza, sikatai.

Ila dume la furu nalo lina mipango yake. Likitaka kuoa linatafuta mahali chini ya jiwe, linachota mchanga kwa mdomo na kwenda kuutema pembeni. Siku ya kumi na moja, saa nane za usiku, nikasikia "ko!" halafu maji yanachuruzika. Jiwe la juu lilikuwa limekipiga kioo. Hadi napata ndoo, maji yalishapita chini ya mlango na kulowesha gunia la maharage la mama mwenye nyumba.

Niliokoa watano. Wa sita nilimkuta chini ya jiwe. Alikuwa jike mwenye mayai mdomoni, maana furu huatamia humo mdomoni wiki mbili na zaidi, na siku hizo hali kitu. Wasomaji, mimi ni mtu mzima, lakini nilikaa chini pale kwenye maji nikashindwa kusema.

Mama hakunigombeza sana. Alisema tu, "Waitu mwanangu, mwaka 2016 tetemeko liliniangushia ukuta. Na wewe unaniletea tetemeko lako la chumbani?" Nilikosa jibu. Kagera nzima inaikumbuka Jumamosi ile ya Septemba 10, nyumba zilivyolala na watu wakafa. Kisha akaniambia niende Muleba kwa kaka yake, fundi wa mawe, nikajifunze kujenga kabla sijanunua tanki jingine.

Jumapili nikapanda Hiace. Nilimkuta mzee anachimba msingi.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Wewe ndiye wa samaki? Ulianza na nini?"

"Mchanga, tata."

Akaangua kicheko mpaka akaliweka sururu chini. "Jiwe la kwanza linakaa juu ya kitu kisichohama," akasema. "Mchanga unahama."

Siku ile nilipata elimu ambayo sasa nawagawia bure. Mawe yanatangulia, mchanga unafuata. Chini ya tanki tandika karatasi nene ya plastiki ili jiwe lisikwaruze kioo, kisha weka mawe makubwa bapa moja kwa moja juu yake. Ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Samaki akichimba, atafika kwenye jiwe na kuishia hapo.

La pili, kila jiwe la juu liegemee sehemu tatu. Ukiligusa kwa kidole likacheza, ligeuze upande mwingine. Likiendelea kucheza, huyo si wako, achana naye. Ukitaka uhakika zaidi, gundisha kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke kabisa kabla ya maji.

La tatu, acha nafasi ya kiganja kati ya mawe na kioo upate kusafisha. Na kila pango liwe na milango miwili, kwani jike akifukuzwa na dume kwenye pango la mlango mmoja amekwisha.

Mawe yasugue kwa brashi na maji matupu. Sabuni hapana. Kuyachemsha pia hapana, jiwe lenye maji ndani laweza kupasuka likakutoa jicho. Na usiyabebe kutoka ziwani, maana pale ni nyumba ya mtu. Mimi mzee alinipa masalia ya msingi wake.

Wakati tunakunywa chai akanipa hadithi ya utoto wake. Zamani, anasema, furu hata mtoto alimvua kwa ndoano. Halafu sangara akatawala. Huyo aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980. Ziwa lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, na wataalamu wanakadiria aina 200 hivi zilipotea. Waliokuwa wakiishi maji ya wazi ndio walioumia zaidi. Wa kwenye mawe wengi walipona, maana sangara na mwili wake ule hapenyi kwenye ufa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilipanga mawe ili wageni waone. Furu anayataka ili asionekane.

Hata hivyo mawe peke yake hayatoshi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba maji ya ziwa yakiwa machafu, majike hawazioni vizuri rangi za madume, aina zinachanganyikana na nyingine zinapotea. Kwa hiyo hata wewe wa tanki, chujio lifanye kazi, na kila wiki badilisha kiasi cha robo ya maji. Ukichoka kufuga, mpe mwenzako. Usiwamwage ziwani samaki wa kutoka kwingine, sangara mmoja ametutosha. Na kabla ya kuvua wa kwako mwenyewe, pitia ofisi ya uvuvi wakueleze utaratibu.

Tanki langu la pili lina miezi minne sasa. Nimeyasukuma yale mawe kwa mkono, hayatikisiki. Mwezi uliopita jike mmoja alitema watoto, nikahesabu kumi na tisa, wakajichimbia kwenye ufa wa jiwe la chini. Nilimwita mama aje aone. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni lini namlipa maharage yake.

Nalipa mwisho wa mwezi, mama. Tukutane wiki ijayo!